Kosa Lirekebishwe Pale Lilipotokea

Mhadhara wa wazi juu ya kutunza kituo cha redio ya pakiti kijijini



Kituo nilichokuja kukizungumzia ni kidogo, na anayepita njiani huenda asikitambue. Ni mlingoti wa chuma juu ya kilima, antena moja iliyosimama wima, paneli ya sola, na sanduku la bati lenye kufuli. Ndani ya sanduku mna redio na kompyuta ndogo, na betri iko kwenye sanduku lake pembeni. Hakina mtangazaji wala muziki. Kazi yake ni kusikia ujumbe mfupi wa maandishi unaotoka upande mmoja wa kilima na kuurusha upande wa pili, usiku na mchana, pasipo mtu kukaa hapo. Wanaokiendesha ni watu wa redio ya ridhaa, wenye leseni kutoka mamlaka ya mawasiliano ya nchi yao, ambao hurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza na kusaidiana bila kumtoza mtu hata senti.

Hoja yangu leo ni moja. Mtandao wa redio ya pakiti ulianza kufanya kazi vizuri siku ulipojengwa juu ya kanuni kwamba kosa lirekebishwe pale lilipotokea, na aliye karibu nalo. Kanuni hiyo iliandikwa kwanza ndani ya programu. Ila kituo cha kijijini hakidumu mpaka kanuni hiyohiyo ifuatwe katika umeme wake, katika adabu ya masafa, na zaidi ya yote katika watu wanaokitunza. Nitaipitia hatua kwa hatua.

Pakiti na safari yake

Pakiti ni kipande cha maandishi kilichofungwa pamoja na anwani ya kinakokwenda, anwani ya kilikotoka, na tarakimu za ukaguzi. Itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, inayotumiwa na watu wa redio ya ridhaa inaitwa AX.25. Anwani ndani yake ni jina la mwito la mwenye leseni, lisilozidi herufi na tarakimu 6, likifuatwa na namba kuanzia 0 hadi 15 ili mtu mmoja aweze kuwa na vituo kadhaa. Majina ya mwito ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Z, ya Uganda 5X. Kwa hiyo kila pakiti inayopita hewani inamtaja aliyeirusha, na anayesikiliza anajua nani amesema.

Tarakimu za ukaguzi ndizo roho ya jambo hili. Kituo kinachorusha hupiga hesabu juu ya ujumbe wote na kuambatisha jibu mwishoni. Kituo kinachopokea hupiga hesabu ileile. Majibu yakitofautiana hata kidogo, pakiti inatupwa. Ni nadra mno ifike nusu, au ifike na namba moja ya kipimo cha mvua imebadilika bila mtu kujua. Karibu kila mara ama inafika nzima, ama haifiki, na isipofika aliyeirusha hapati jibu la kupokelewa, hivyo anajua kwamba inambidi arudie.

Mwendo wake ni wa taratibu. Katika masafa ya VHF, sauti mbili, moja ya hezi 1200 na nyingine ya hezi 2200, hupishana kuwakilisha biti 1200 kwa sekunde. Watu waliozoea intaneti wataona ni kidogo mno. Hebu tupige hesabu. Ujumbe wa herufi 160, ukiongezwa anwani na tarakimu za ukaguzi, ni kama baiti 180, yaani biti 1440. Hizo zinahitaji sekunde 1.2, na ukiongeza muda wa redio kuwaka kabla ya kurusha, haizidi sekunde 2. Katika sekunde 2 mwalimu amepeleka idadi ya wanafunzi waliohudhuria, au mtunza daraja ametaja kina cha mto. Na kwa sababu ni sauti tu, redio ya kawaida ya FM ya kuzungumzia inatosha kuibeba. Zamani ilibidi kununua modemu, yaani kifaa cha kugeuza biti kuwa sauti na sauti kuwa biti. Leo programu kama Dire Wolf, iliyoandikwa na John Langner na kutolewa bure, huifanya kompyuta ndogo iwe modemu yenyewe.

Mambo haya hayakuanzia mijini penye nyaya nyingi. Yalianzia visiwani. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha visiwa kwa redio, maana laini za simu zilikuwa ghali na hazikutegemewa. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: rusha, usipopata jibu la kupokelewa, subiri muda wa kubahatisha, kisha rusha tena. Hesabu zao zilionyesha kwamba watu wakirusha bila kusikilizana, njia hubeba kwa mafanikio asilimia 18 tu ya uwezo wake, kwa kuwa ujumbe hugongana hewani. Mwaka 1978 watu wa redio ya ridhaa wa Montreal, Kanada, walirusha pakiti zao za kwanza. Mwaka 1980 Doug Lockhart wa Vancouver alibuni kifaa cha kuunganisha redio na kompyuta ambacho mtu angeweza kukijenga nyumbani. Tarehe 10 Desemba mwaka huohuo, Hank Magnuski aliwasha kituo cha kupokeza pakiti katika eneo la San Francisco. Mwaka 1982 kikundi cha Tucson, Arizona, kilianza kazi ya kusanifu vifaa vilivyouzwa katika vipande ili mnunuzi avilehemu mwenyewe, na mwaka 1984 itifaki ya AX.25 ikachapishwa katika toleo ambalo dunia nzima ililifuata. Wengi wa watu hawa walikuwa wakifanya kazi hii jioni baada ya ajira zao. Walichapisha michoro yao ili fundi wa mji mwingine aweze kufungua kifaa, kukielewa na kukitengeneza.

Kupokezana kwa mkono

Sasa nifike kwenye kiini cha hoja. Vituo vya kwanza vya kupokeza vilikuwa na kazi moja: kusikia pakiti na kuirudia kama ilivyo. Havikukumbuka lolote. Jibu la kupokelewa lilitoka kwa mlengwa wa mwisho na kurudi njia yote hadi kwa aliyeanza.

Tuchukue kijiji na makao ya wilaya, na katikati vilima 3 vyenye vituo. Hiyo ni miruko 4 kutoka kituo hadi kituo. Tuseme kila mruko unafaulu mara 9 kati ya 10, kiwango ambacho fundi yeyote angejivunia. Uwezekano wa pakiti kuvuka miruko yote 4 ni 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani asilimia 66. Jibu nalo linapaswa kurudi salama kupitia miruko ileile, na hapo uwezekano wa safari nzima kufaulu unashuka hadi asilimia 43. Zaidi ya nusu ya majaribio hupotea, na kila moja linapopotea, kijiji kinaanza upya kabisa, hata kama hitilafu ilitokea kwenye kilima cha mwisho karibu na wilayani. Kwa wastani pakiti moja inarushwa karibu mara 8 hewani ndipo kazi iishe. Kurushwa huko kwa ziada kunajaza njia, kujaa kunaleta migongano, na migongano inashusha ile asilimia 90 tuliyoanza nayo.

Mwaka 1987 Ron Raikes na Mike Busch wa California walitoa programu iliyoitwa NET/ROM. Waliifanya kila kilima kuwa nodi, kituo chenye kumbukumbu. Nodi ya kwanza ikipokea pakiti humjibu jirani yake papo hapo kwamba imefika, kisha inachukua dhamana ya kuifikisha kwa nodi ya pili, na ya pili kwa ya tatu. Mmewaona vijana wanaojenga shule wakipokezana matofali kwa mstari: tofali likimponyoka mtu wa nne, analiokota yeye, wala hakuna anayerudi kwenye lundo kuchukua jingine. Ndivyo nodi zinavyofanya. Kwa hesabu ileile ya 9 kati ya 10, pakiti sasa inarushwa mara 5 hivi badala ya 8, na marudio yote hubaki kwenye mruko wenye tatizo. Miruko mingine mitatu haisumbuliwi.

Redio zilikuwa zilezile, na nguvu za mawimbi zilezile. Kilichobadilika ni mahali pa kurekebisha kosa. Kila nodi pia iliwatangazia jirani zake mara kwa mara ni vituo gani inaweza kuvifikia na kwa ubora gani, hivyo njia moja ikikatika, nodi zenyewe ziliweza kupata njia nyingine bila kumsubiri msimamizi aliye mbali. John Wiseman wa Uingereza aliendeleza wazo hilo katika programu ya BPQ, ambayo mpaka leo inaendesha nodi nyingi na masanduku ya barua ya redio.

Kilima na wasiosikiana

Anayetaka kujenga kituo huanza kwa kutafuta kilima kirefu kuliko vyote. Kuna sababu. Mawimbi ya VHF husafiri karibu na mstari ulionyooka, na upeo wake kwa kilomita ni kama 4.12 mara kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, upeo wa antena za pande zote mbili ukijumlishwa. Milingoti miwili ya mita 9 kwenye tambarare inaonana kwa kilomita 25 hivi. Mlingoti huohuo wa kijijini ukiongea na antena iliyo mita 400 juu ya tambarare, umbali unafika karibu kilomita 95, iwapo hakuna mlima uliokaa katikati. Wati 10 juu ya kilima hufanya kazi ambayo wati 100 bondeni haziwezi.

Lakini kilima kirefu mno nacho kina hasara, nayo husahaulika. Kijiji cha mteremko wa mashariki na kijiji cha mteremko wa magharibi vyote vinakisikia kituo cha kileleni, wakati vyenyewe havisikiani. Kila kimoja kinasikiliza, kinaona njia kimya, kinarusha. Juu ya kilima pakiti mbili zinakutana na zote mbili zinaharibika. Kadiri kilima kinavyosikia mbali, ndivyo kinavyokusanya watu wasiosikiana, na ndivyo tunavyorudi kwenye asilimia 18 ya Hawaii.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni subira. Kila kituo, kikiona njia iko kimya, kisirushe mara moja, kibahatishe kwanza. Mpangilio uliozoeleka ni nafasi moja kati ya nne kila sehemu ya kumi ya sekunde. Ya pili ni kutenganisha kazi: wanavijiji watumie masafa ya megahezi 144 kuzungumza na kilima chao, na vilima vizungumze vyenyewe kwa vyenyewe kwenye masafa ya megahezi 430, kwa mwendo wa biti 9600 ikiwezekana. Kituo cha wastani kinachohudumia kata tatu vizuri kina faida kuliko kikubwa kinachosikia mkoa mzima na kuuchanganya.

Na kabla ya kuchimba shimo la mlingoti, njia ipimwe. Peleka redio ya mkononi na antena ya muda, rusha pakiti za majaribio asubuhi, mchana na usiku, hesabu zinazofika. Rudia baada ya mvua, kwa maana majani mabichi yaliyolowa hunyonya mawimbi, hasa ya megahezi 430. Daftari la vipimo vya wiki moja lina thamani kuliko maoni ya fundi aliyekuja kwa saa mbili na kuondoka.

Umeme, radi na wadudu

Vituo vya vijijini huuawa na umeme mbovu mara nyingi kuliko redio mbovu. Hesabu ya umeme haifichiki, ila lazima ifanywe. Redio inayosikiliza tu hutumia kama ampea 0.4 kwa volti 12. Kompyuta ndogo hutumia 0.3. Redio ikirusha kwa wati 25 inavuta ampea 5 au 6, na ikirusha asilimia 5 ya muda, wastani wake ni 0.3. Jumla ni ampea 1, yaani ampea-saa 24 kwa siku, karibu wati-saa 290. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, hivyo inatoa siku mbili za giza. Kwa jua kali la saa 5 kwa siku na upotevu wa kawaida, paneli ya wati 100 inatosha kiangazi. Mwezi wa Aprili mawingu yakitanda haitoshi, na atakayenunua kwa hesabu ya kiangazi atapoteza betri masika ya kwanza. Anunue ya wati 200.

Radi inataka heshima yake. Eneo la Ziwa Victoria na mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi sana duniani. Mlingoti juu ya kilima hauwezi kufichwa. Linalowezekana ni kuipa radi njia fupi, pana na iliyonyooka kwenda ardhini. Kosa ninaloliona tena na tena ni ethi mbili: moja ya mlingoti, nyingine ya vyombo, kila moja na fimbo yake. Radi inapopiga, ardhi iliyo chini ya fimbo hizo haina volti sawa, na tofauti hiyo inapita katikati ya redio. Ethi zote zifungwe pamoja, na waya wa antena upite kwenye kizuia radi kilichofungwa kwenye ethi hiyohiyo kabla haujaingia sandukuni.

Kisha kuna maadui wadogo. Maji huingia kwenye kiunganishi cha antena na kutambaa ndani ya kebo mita kwa mita; kebo ifungwe vizuri kwa tepu ya mpira inayojigandisha, na ipindwe kuelekea chini kabla ya kuingia sandukuni ili matone yadondoke. Nyigu hujenga kwenye matundu ya hewa, hivyo matundu yawe na wavu. Mchwa na panya hutafuna waya uliolala chini. Mvuke wa betri ya asidi hula shaba, ndiyo maana nikasema betri ikae kwenye sanduku lake. Haya yote ni mambo ya kuonekana kwa macho na kurekebishwa kwa bisibisi, kipande cha tepu na dakika chache, endapo yupo mtu wa karibu anayejua nini cha kutazama.

Hapa ile kanuni inarudi kwa sura mbili. Kwanza, kituo kijirekebishe chenyewe kwa kadiri kinavyoweza. Redio ikinasa katika hali ya kurusha, inaziba njia kwa kila mtu. Kwa hiyo kuwe na kipima muda kinachokata urushaji ukizidi sekunde chache, na kingine kinachoizima na kuiwasha kompyuta ikiganda. Pili, kituo kijieleze. Kila nusu saa kirushe pakiti fupi yenye volti za betri na joto la sandukuni. Mtunzaji akiona volti za alfajiri zinashuka kidogo kidogo kila wiki, anajua betri inachoka mwezi mmoja kabla haijafa. Kituo kinachokufa ghafla kwa kawaida kilikuwa kimesema, ila hakikusikilizwa.

Adabu na mipaka

Redio ya ridhaa ina sheria, nazo nazipenda. Kanuni za kimataifa za redio zinasema huduma hii ni ya kujifunza na kuwasiliana bila maslahi ya fedha, na kwamba ujumbe kati ya vituo vya nchi tofauti usifichwe maana yake kwa kusimbwa. Kwa hiyo kituo chetu hakiuzi huduma, hakibebi matangazo ya biashara, na yeyote mwenye redio anaweza kusoma kila kinachopita.

Tuseme wazi maana yake. Jina la mgonjwa na ugonjwa wake havipaswi kupita hapa. Siri ya familia wala fedha za mtu hazipaswi kupita hapa. Zahanati inayotaka kupeleka habari za wagonjwa kwa redio iombe masafa yake binafsi kwa mamlaka, ambako inaruhusiwa kulinda maandishi yake. Vifaa vinaweza kufanana kabisa, lakini leseni ni tofauti. Mtunzaji asiyekubali mipaka hii atawadhuru watu aliotaka kuwasaidia. Kinachobaki ni kingi: kiasi cha mvua, kina cha mto, hali ya barabara, taarifa za mafuriko, masomo ya wanafunzi, na barua za kirafiki kati ya wenye leseni.

Adabu ya masafa ni sehemu ya sheria hiyo. Bob Bruninga, aliyefundisha katika Chuo cha Wanamaji cha Marekani, alibuni mfumo wa APRS, ambao kwa pakiti fupi huonyesha mahali kituo kilipo, hali ya hewa na matangazo madogo ya eneo. Uliwavutia watu wengi, na wengi wakaomba pakiti zao zirudiwe na vituo 5 au 7 mfululizo. Miji mikubwa ya Marekani ikajaa pakiti za watu wa mbali ambao hakuna aliyewahitaji, na wa karibu wakakosa nafasi. Katikati ya miaka ya 2000 Bruninga aliwahimiza wote wafupishe njia hadi miruko miwili au mitatu, na vituo vya kupokeza vikapangwa upya kukataa zaidi. Hakuna polisi aliyehitajika kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kila mtunzaji alirekebisha kituo chake. Huo ni mfano bora wa jamii ya mafundi kujisahihisha, na nautaja kwa sababu kijijini nasi tutapishana juu ya masafa, na ni bora tukae chini ya mti tuelewane kabla hatujapelekana kwa mamlaka.

Yaliyokwisha kufanyika

Kuna watakaouliza kama njia hii iliwahi kumsaidia mtu wa kijijini. Iliwahi, na mfano mmoja umepita kwetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, lilitumia setilaiti ndogo zilizojengwa na Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, kuwapelekea wataalamu wa afya barua na makala za tiba katika mtandao ulioitwa HealthNet. Ulifika Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na kwingineko, wakati barua pepe ilikuwa bado ngeni kwa karibu kila mtu. Setilaiti hizo, zikizunguka kwenye kimo cha kama kilomita 800, zilipita juu ya kituo mara chache kwa siku, kila mara kwa dakika zisizozidi 15 hivi. Zilipokea ujumbe, zikauhifadhi, zikaushusha zilipofika juu ya kituo kingine. Itifaki zake zilitengenezwa na watu wa redio ya ridhaa juu ya msingi wa AX.25. Daktari hakuhitaji laini ya simu iliyo wazi kutoka hapa hadi Ulaya. Ujumbe ulikaa mahali ulipofika ukisubiri hatua inayofuata, na haukupotea.

Mfano wa pili ni wa Peru, katika jimbo la Alto Amazonas, ambako safari ni za mitumbwi na vituo vidogo vya afya viko mbali na hospitali ya Yurimaguas. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, mpango wa EHAS, uliowaunganisha wahandisi wa Madrid na vyuo vikuu vya Peru, uliweka redio za VHF za kawaida zinazobeba sauti na pia barua pepe juu ya AX.25, modemu ikiwa ni programu ndani ya kompyuta ya Linux. Masafa yalikuwa ya huduma ya afya, lakini ufundi ulikuwa uleule wa ridhaa. Mhudumu wa kituo kidogo, aliyezoea kufanya kazi bila daktari, aliweza kuuliza ushauri na kujibiwa, na muda wa kuwafikisha wagonjwa wa dharura hospitali ukapungua. Walichagua vifaa ambavyo fundi wa hapohapo anaweza kuvielewa, na uamuzi huo nauona mkubwa kuliko kifaa chochote walichofunga.

Simu na redio

Wengine watasema simu ya mkononi imemaliza haja hii. Simu imefanya makubwa na hakuna anayebisha. Kwa mazungumzo ya kila siku na kutumiana fedha, redio ya pakiti haishindani nayo wala haipaswi. Lakini wote tunajua hali ya kijiji ambacho mnara wake umezima: mtu anapanda kichuguu, ananyoosha mkono juu, mtandao hakuna. Hitilafu iko hapo karibu, wakati wenye ufunguo na ujuzi wako mjini, na kijiji kizima hakina la kufanya ila kusubiri. Mafuriko yanapokata barabara, fundi naye hawezi kufika, na hapo ndipo habari zinapohitajika zaidi. Nataka kila wilaya yenye mito mikali na barabara za udongo iwe na njia ya pili, hata kama ni ya polepole, ambayo kuanzia fyuzi hadi itifaki kuna mtu wa hapohapo anayeielewa.

Watu watatu

Kwa hiyo nimalizie na watu. Kituo kinachotunzwa na mtu mmoja kina umri wa uhamisho wa mtu huyo. Mwalimu wa fizikia akihamishiwa mkoa mwingine, ufunguo unaondoka naye, na kilichoko kichwani mwake pia. Napendekeza watunzaji wasipungue watatu, mmoja wao akiwa mkazi anayeishi kwa kutazamana na kilima, na mmoja akiwa kijana, mwanamke au mwanamume, anayejiandaa kwa mtihani wa leseni. Wasio na leseni wasirushe, lakini wanaweza kusafisha paneli, kukaza ethi, kusoma volti na kubadilisha fyuzi. Pia mlinzi bora wa betri dhidi ya wezi ni kaya jirani inayofaidika na kituo, inayopata habari ya mvua na mto kila asubuhi kabla ya kupeleka mifugo.

Kila kituo kiwe na daftari la karatasi ndani ya sanduku. Kila anayefungua aandike tarehe, alichokikuta, alichokifanya na alichokiacha. Mchoro wa nyaya ubandikwe ndani ya mlango. Kuwe na akiba: redio moja, fyuzi, viunganishi, na fedha za betri mpya zinazowekwa kidogo kidogo tangu siku ya kwanza, maana betri itakufa kwa uhakika kama jua litakavyozama.

Kwa walimu wa sekondari na wakufunzi wa vyuo vya ufundi vya VETA walio hapa, ombi langu ni mahususi. Msianze na mtandao wa mkoa. Anzeni na vituo viwili vinavyoonana na kilima kimoja katikati. Wanafunzi wajenge antena kwa mabomba ya shaba, wapime njia, wahesabu pakiti zilizofika na zilizopotea, na waandike kila mruko unafaulu mara ngapi kati ya 10. Mruko ukiwa mbovu, waurekebishe huohuo kabla ya kuongeza wa tatu. Mwanafunzi aliyefanya hivyo ameshika kwa mikono yake kanuni zinazoendesha mitandao mingi mikubwa.

Kwa wenzangu wenye leseni, mtihani tulioufaulu unatudai. Kila mmoja wetu amfundishe mtu mmoja anayeishi kijijini mpaka naye apate leseni yake, kisha amkabidhi ufunguo wa sanduku. Kwa wakuu wa wilaya na madiwani, tengeni eneo dogo kileleni na mwandike barua ya ruhusa yenye muhuri, ili atakayekuja baadaye asiung'oe mlingoti kwa kutojua ni wa nani. Na kwa mamlaka za mawasiliano, pelekeni mitihani ya leseni mikoani, kwa Kiswahili, kwa ada ambayo mwanafunzi anaweza kulipa, ili mtu wa kurekebisha apatikane palepale kosa linapotokea.

Niko tayari kwa maswali, na kwa yeyote anayetaka kuanza kupima njia wiki hii.